Onyo Mbele ya Pakiti: Nani Amfundishe Mnunuzi?

Mgonjwa wa presha akitoka kliniki huondoka na dawa pamoja na agizo: punguza chumvi. Nyumbani mpishi anatii. Chumvi inapungua sufuriani, mboga inaliwa chukuchuku, na familia nzima inalalamika kwamba chakula kimepooza. Lakini asubuhi mgonjwa huyo huyo anakunywa chai kwa mkate wa dukani uliopakwa siagi. Mchana mchuzi unakolezwa kwa kiungo cha pakiti. Jioni wajukuu wanapikiwa tambi za pakiti na babu anamalizia zilizobaki. Chumvi aliyoifukuza jikoni imerudi ndani ya vifungashio. Wala hakuna aliyeificha: imo kwenye jedwali nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, na kwa jina la sodiamu.

Suala hili likizuka kwenye semina au vipindi vya redio, jibu hutoka upesi: wananchi waelimishwe, wasome lebo kabla ya kununua. Ni jibu lisilomuudhi mtu. Wizara inachapisha vipeperushi, kampuni inadhamini semina, na mzigo wote unabaki kichwani kwa mnunuzi. Mimi naona tumeanzia mwisho. Kule ambako watu wameelewa haraka kilichomo ndani ya pakiti, hawakuanza kwa kufundishwa kusoma jedwali. Jedwali liliachwa nyuma lilipo, onyo likawekwa mbele, na elimu ikaja kulifuata onyo hilo shuleni, kliniki na dukani.

Tulitazame jedwali lenyewe kwa karibu. Tuseme umeshika pakiti ya tambi ya gramu 75. Nyuma imeandikwa kwamba kila gramu 100 zina sodiamu gramu 1.4. Ukitaka kujua utakula chumvi kiasi gani, kwanza utafute sodiamu iliyomo katika gramu 75: unapata gramu 1.05. Kisha uzidishe kwa 2.5, kwa kuwa sodiamu ni sehemu tu ya chumvi: unapata kama gramu 2.6. Halafu ukumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO) linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hapo ndipo utakapotambua kwamba bakuli moja limemaliza zaidi ya nusu ya chumvi ya kutwa, kabla hujagusa chakula kingine. Kwa aliyekaa na kalamu hesabu hiyo si ngumu. Ifanye sasa umesimama dukani, foleni ipo nyuma yako na mtoto anakuvuta kanga.

Sukari nayo ina visa vyake. Soda ya kawaida huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita, basi, hubeba gramu 50 na ushee, sawa na vijiko vya chai visivyopungua 12. Ushauri wa WHO ni kwamba sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Chupa moja imekwisha kula posho yote. Lakini jedwali linaweza kutaja kiasi cha mgao mmoja wa mililita 200 au 250, kana kwamba kuna mtu anayefungua soda ya nusu lita, akanywa nusu, na kuifunika iliyobaki ya kesho. Kwenye orodha ya viambato, sukari hujigawa majina: glukosi, fruktosi, dekstrosi, sirapu ya mahindi. Kwa kuwa viambato hupangwa kwa uzito, kila jina likisimama peke yake hushuka chini ya orodha, ilhali yakijumlishwa yangekaa juu kabisa.

Kwa hiyo mtu asiyesoma lebo si mjinga wala mzembe. Lebo haikuandikwa kwa ajili yake.

Wazo la kuleta taarifa hizo mbele ya pakiti lina umri wa miongo kadhaa. Finland, nchi iliyosumbuliwa sana na maradhi ya moyo, ilianza mwaka 1993 kulazimisha vyakula vyenye chumvi nyingi viandikwe hivyo waziwazi. Uingereza ilichagua rangi za taa za barabarani, nyekundu, njano na kijani, na mwaka 2013 ikakubaliana na maduka makubwa juu ya mtindo mmoja. Ufaransa ikaja mwaka 2017 na herufi tano, kuanzia A ya kijani hadi E nyekundu. Mifumo hii miwili ya mwisho ni ya hiari, na hiari ina tabia yake: mwenye bidhaa nzuri hujitokeza na mwenye bidhaa mbaya hunyamaza. Ecuador ilizifanya rangi za taa kuwa lazima mwaka 2014, ila sheria haikubana mahali pa kuziweka, na bidhaa nyingi zikaishia kuzibeba ubavuni au mgongoni. Watu walizielewa rangi zile vizuri tu. Tatizo lilikuwa kuziona.

Nchi iliyobadilisha mjadala ni Chile, na inafaa tukae hapo kidogo.

Seneta Guido Girardi, ambaye kitaaluma ni daktari, aliusukuma muswada kwa miaka mingi dhidi ya wenye viwanda. Sheria namba 20.606 ilitiwa saini mwaka 2012, lakini haikuanza kutumika hadi tarehe 27 Juni 2016. Tangu siku hiyo, chakula cha pakiti kilichozidisha sukari, sodiamu, mafuta ya kuganda au kalori kililazimika kuvaa pembenane nyeusi mbele, yenye umbo la kibao cha kusimamisha magari, ikisema kwa herufi nyeupe kwamba kina sukari nyingi, au sodiamu nyingi, na kadhalika. Chini yake limo jina la Wizara ya Afya. Pakiti inaweza kubeba alama moja, mbili, hata nne. Hakuna hesabu ya kufanya wala kijani cha kumtuliza mnunuzi.

Vipimo vilianza kwa upole vikakazwa kwa awamu tatu. Kwa chakula kigumu, mwaka 2016 onyo la sukari lilianzia gramu 22.5 katika kila gramu 100. Mwaka 2018 likashuka hadi 15. Mwaka 2019 hadi 10. Sodiamu ilitoka miligramu 800 hadi 500, kisha 400. Ratiba hiyo ilitangazwa mapema, kwa hiyo kiwanda kilijua tangu mwanzo kwamba biskuti iliyoponea chupuchupu mwaka wa kwanza ingenaswa mwaka wa nne. Huu ndio ufundi wa sheria ile, na ndio unaosahaulika zaidi na wanaoinakili.

Pembenane haikuachwa ifanye kazi peke yake. Bidhaa iliyoivaa haiuzwi shuleni, hairuhusiwi kutangazwa kwa watoto walio chini ya miaka 14, na haiwezi kuwa na katuni kwenye pakiti. Simba marara maarufu wa nafaka za Kellogg akaondoka kwenye maboksi ya Chile. Mayai ya chokoleti ya Kinder yenye kidude cha kuchezea ndani yakatoweka madukani, kwa kuwa kitu cha kuchezea ni chambo cha mtoto. Kellogg na PepsiCo walikwenda mahakamani wakidai kwamba haki zao za alama za biashara zimevunjwa. Mwaka 2018 ikaongezwa marufuku nyingine: bidhaa zenye alama zisitangazwe kwenye televisheni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku.

Matokeo yamechunguzwa sana. Katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza, ununuzi wa vinywaji vyenye onyo katika kaya zilizofuatiliwa ulishuka kwa karibu asilimia 24. Idadi ya bidhaa zilizostahili angalau onyo moja ilishuka pia, kutoka asilimia 51 hadi 44, kwa sababu wenye viwanda walipunguza sukari na chumvi ili wakwepe alama. Hili la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu asiyejua kusoma, asiyejali, hata asiyewahi kusikia habari za sheria ile, alinufaika kwa kununua biskuti ile ile aliyoizoea ikiwa na sukari kidogo zaidi. Hakuna kipeperushi kinachoweza kufanya hivyo. Lakini pia mtu asiseme ni alama tu iliyoleta yote, maana marufuku ya matangazo na ya shuleni zilianza siku moja nayo, na kodi ya vinywaji vyenye sukari ilikuwa imeshapandishwa hadi asilimia 18 mwaka 2014.

Sasa watu wa Chile walielimishwaje? Serikali ilifanya kampeni, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: chagua chakula chenye alama chache, na kisicho na alama ndicho bora. Basi. Hapakuwa na somo la kalori wala mchoro wa makundi ya vyakula. Ila kazi kubwa ilifanywa na watoto. Watafiti waliokaa na akina mama wa Santiago waliambiwa kwamba shuleni walimu walianza kukataa vitafunio vyenye pembenane, na watoto wadogo wakazipeleka habari nyumbani: mama, hiki usininunulie, kina alama. Mtoto wa miaka sita asiyejua sodiamu ni kitu gani anaweza kuhesabu pembenane tatu. Vijana wa balehe hawakujali sana, kama ilivyo ada yao, na baadhi ya akina mama walisema wazi kwamba wananunua vile vile kwa kuwa bei ndiyo inayoamua. Hata hivyo mazungumzo yalikuwa yameingia ndani ya nyumba, na mleta mada alikuwa mtoto.

Mexico ilifika hapo hapo kwa njia ndefu zaidi. Kwa miaka kadhaa ilitumia lebo iliyopendwa na viwanda, yenye asilimia za mahitaji ya siku, hadi watafiti wa taasisi yake ya afya ya umma walipoonyesha kwamba hata wanafunzi wa lishe walihangaika kuielewa. Mwaka 2020, mwezi Oktoba, ikaleta pembenane zake nyeusi zenye neno la kuonya kwamba kiasi kimezidi, ikaongeza na maandishi mawili: kinywaji chenye kafeini na chakula chenye vitamu vya kemikali visipewe watoto. Kampuni nyingine zilijibu kwa ujanja wa kuchapisha pakiti yenye nyuso mbili za mbele, moja yenye onyo na moja bila, ili muuza duka apange anavyotaka. Peru ilikuwa imeanza mwaka 2019 na kuruhusu stika kwa muda, jambo lililowasaidia waagizaji wadogo. Israel ilichagua duara jekundu mwaka 2020, Brazili kioo cha kukuzia mwaka 2022, na Kanada iliweka ukomo wa utekelezaji kuwa tarehe 1 Januari 2026. Tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa, ilipitisha mwongozo wa lebo za mbele mwaka 2021, ikaziachia nchi uhuru wa kuchagua aina ya lebo na kuamua kama iwe lazima au hiari. Kwa hiyo kisingizio cha kusubiri mwongozo wa dunia kimekwisha.

Tugeukie kwetu. Pingamizi la kwanza linalosikika Afrika Mashariki ni kwamba hili ni tatizo la matajiri. Nchi yenye watoto waliodumaa inawezaje kuhangaika na biskuti? Takwimu zinajibu vizuri. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na wakati huo huo asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Tanzania, mwaka huo huo, udumavu ulikuwa asilimia 30, na nenda hospitali yoyote ya wilaya siku ya kliniki ya sukari na presha uone mabenchi yalivyojaa. Matatizo haya mawili hayakupanga foleni, moja likisubiri jingine liishe. Yanakaa nyumba moja, wakati mwingine mwili mmoja: mtoto aliyekosa lishe bora utotoni ana hatari kubwa zaidi ya kisukari na maradhi ya moyo ukubwani. Na mzazi anayempa mtoto juisi ya boksi akidhani anamjenga mwili hahitaji kuambiwa kwamba tatizo ni la matajiri. Anahitaji kuambiwa kilichomo ndani ya boksi.

Wala si kwamba serikali zetu hazijui kuweka alama mbele ya pakiti. Unga na mafuta ya kula yaliyoongezwa virutubishi yana nembo maalumu Tanzania, Kenya na Uganda. Chumvi inatangaza mbele kwamba ina madini joto. Alama zote hizi ni za kusifu, na zimefanya kazi nzuri. Ya kuonya tumeiweka kwenye bidhaa kama sigara, na Kenya imeongeza hata picha. Kwenye chakula, uso wa mbele tumemwachia mwenye mali aseme atakavyo. Ndiyo maana biskuti iliyojaa sukari inasema ina glukosi ya kuupa mwili nguvu, kinywaji cha unga kinajisifu kwa vitamini kumi, na maji ya sukari na rangi yamechorwa embe lililopasuliwa. Kila neno huenda ni kweli. Vitamini zimo. Sukari imo pia, lakini habari zake ziko nyuma.

Hatua zimeanza kupigwa. Wizara ya Afya ya Kenya imefanyia kazi vipimo vya kuamua ni kiasi gani cha sukari, chumvi na mafuta kinastahili onyo, na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi kimejaribu aina mbalimbali za lebo kwa wanunuzi wa nchi hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na bidhaa anayoinunua, na hiyo ni silaha kubwa kwa atakayetaka kwenda mahakamani. Afrika Kusini ilitoa rasimu yake Januari 2023, yenye pembetatu nyeusi. Tanzania tuna Taasisi ya Chakula na Lishe na tuna Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Vyombo vipo.

Mahali panapofaa kuamulia jambo hili, kwa maoni yangu, ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Biskuti ya kiwanda cha Nairobi inaliwa Arusha, juisi ya Dar es Salaam inafika Bujumbura na Goma. Kila nchi ikibuni alama yake, viwanda vitakuwa na sababu halali ya kulalamika, na mtoto wa Namanga mpakani atajifunza alama mbili kwa kuvuka barabara. Kiwango cha pamoja cha lebo za vyakula kipo tayari, EAS 38. Kinachohitajika ni kukiongezea kifungu cha onyo la mbele, na maneno yake yawe ya Kiswahili, tena Kiswahili cha dukani: SUKARI NYINGI, CHUMVI NYINGI, MAFUTA MENGI. Wataalamu watataka iandikwe sodiamu. Wasikubaliwe. Hakuna mtu aliyewahi kwenda dukani kununua sodiamu.

Hapa ndipo ugumu wa kweli unapoanza, ule ambao Chile haikuufundisha mtu. Sehemu kubwa ya biashara ya chakula ya uswahilini haina pakiti ya kuwekea onyo. Mafuta yanapimwa kwa kibaba kutoka kwenye dumu, sukari inafungwa kwenye kifuko cha nailoni, biskuti zinauzwa moja moja kutoka kwenye kopo la kioo, siagi inapakwa kwenye mkate kwa mia mbili. Onyo lililokuwa kwenye dumu au katoni linabaki kwa muuzaji. Na hata penye pakiti, pakiti zetu ni ndogo: kiungo cha mchuzi cha kutumia mara moja, krispi za mkono mmoja wa mtoto, kahawa ya kijikaratasi. Sheria ya Chile inazisamehe pakiti ambazo uso wake hauzidi sentimita 30 za mraba. Onyo lao huwekwa kwenye boksi kubwa la nje. Santiago hilo halidhuru sana. Mbagala au Kibera, ambako boksi la nje analiona mwenye duka peke yake, msamaha huo ungefuta sheria kwa bidhaa zile zile zinazoliwa zaidi na watu wa kipato cha chini.

Kwa hiyo kifungu cha pakiti ndogo tusikinakili. Pakiti ndogo ya kiungo, ambacho huwa na chumvi nyingi, inaweza kubeba pembenane bila maneno, au ikapakwa ukingo mweusi. Dumu na kopo la dukani vinaweza kulazimishwa kuwa na alama inayoonekana kwa aliyesimama nje ya kaunta. Na hapo mwenye duka anageuka kuwa mtu muhimu kuliko tunavyomhesabu. Katika mtaa, Mangi mwenye duka anajua nani ana kisukari, nani amejifungua, nani kaagizwa asile chumvi, maana ndiye anayewauzia. Mpango wa elimu unaomruka yeye na kwenda moja kwa moja kwenye televisheni umeandikwa na mtu anayenunua vitu supamaketi.

Chakula cha mkono, chipsi, mandazi, kachori, barafu za rangi nje ya geti la shule, hakitavaa onyo hata siku moja, na lebo zisidaiwe kazi isiyo yao. Lakini hata huko kuna mnyororo: chipsi zinakaangwa kwa mafuta ya dumu, tomato sosi inatoka kiwandani, na barafu ile imetengenezwa kwa unga wa juisi wa pakiti. Alama inaweza kumfikia mama lishe kama mnunuzi, ingawa haitamfikia mteja wake.

Wenye viwanda wana hoja zao. Ya ajira ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa, na ndiyo dhaifu: wachumi walioichunguza Chile baada ya sheria hawakukuta ajira wala mishahara ya sekta ya chakula imeshuka. Ya biashara, kwamba onyo ni kizuizi cha bidhaa za nje, imeletwa mara nyingi kwenye Shirika la Biashara Duniani, na nchi zimeendelea na alama zao. Yenye uzito ni ile ya vitamu vya kemikali. Kiwanda kikipunguza sukari ili kikwepe onyo, mara nyingi hujaza pengo kwa vitamu hivyo, na Chile matumizi yake kwa watoto yamepanda. Pakiti imekuwa safi mbele, na mtoto amezoea utamu ule ule. Mexico iliona hilo ikaweka andiko lake. Nasi tukianza, tuanze nalo, pamoja na lile la kafeini, kwa sababu vinywaji vya kuongeza nguvu vya chupa za plastiki vimekuwa maji ya kunywa ya madereva wa bodaboda na wanafunzi wanaokesha kusoma.

Na tukiri ambalo wanaharakati hulipitia haraka: unene wa watoto wa Chile haujaporomoka. Alama inapunguza sukari inayonunuliwa. Haimpi mtoto uwanja wa kuchezea, haishushi bei ya matunda, haiondoi saa tano za kukaa mbele ya skrini. Anayeiuza kama dawa atakuja kuaibika, na aibu yake itatumiwa na wasioitaka.

Elimu kwa umma, basi, iwe ya namna gani? Iwe fupi. Sentensi moja inayorudiwa kila mahali kwa miaka inashinda kampeni ya wiki mbili yenye fulana na kofia. Iingie shuleni kwa njia ya kanuni: chenye alama kisiuzwe ndani ya uzio, mwalimu asikitume, kisitolewe zawadi siku ya mahafali. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayepita nyumba kwa nyumba, apewe pakiti tupu za bidhaa zinazonunuliwa mtaani kwake awaonyeshe watu, aache bango la matofaa na zabibu ambazo hakuna anayezila. Kliniki ya presha imwambie mgonjwa: punguza chumvi, na hii ndiyo alama ya chumvi. Redio za wilayani zitafika mahali ambapo gazeti halifiki. Yote hayo yanawezekana kwa gharama ndogo, ila yanasubiri kitu kimoja, nacho ni alama yenyewe. Kumfundisha mtu alama ambayo haipo ni kumpigisha soga.

Rasimu za viwango, za TBS na za Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) hata za Jumuiya, hutangazwa na kuachwa wazi kwa maoni ya umma kwa muda maalumu kabla hazijapitishwa. Viwanda huwa na watu wanaolipwa kuzisoma na kuzijibu kifungu kwa kifungu. Walaji huwa kimya, na mjumbe wa kamati akifungua faili hukuta maoni ya upande mmoja. Rasimu ya onyo la mbele ikitoka, itafuteni, isomeni, muandike: chama cha wagonjwa wa kisukari, kamati ya shule, kikundi cha akina mama, mtu mmoja mmoja. Andikeni kwamba mnataka alama iwe ya lazima, iwe mbele, iwe kwa Kiswahili, na ifike hadi kwenye pakiti ya mia mbili.